Kuchagua nyuzi za besi isiyo na freti: mulika ubao kwanza, pakiti baadaye

Mwenye gitaa la besi la kawaida akikosea nyuzi, hasara yake ni bei ya pakiti. Mwezi haujaisha keshanunua nyingine, mambo yamekwisha. Mwenye besi isiyo na freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, akikosea, anaweza kuikuta shingo ya gitaa lake imechimbika mifereji kama barabara ya vumbi baada ya masika. Nalijua hilo kwa sababu shingo hiyo ilikuwa yangu.

Ilikuwa besi ya mtumba. Freti zilikwisha kung'olewa na mtu aliyenitangulia, ubao wa rozwudi, ule uso wa shingo ambapo vidole hubana nyuzi, uko mtupu, hauna vanishi wala chochote. Nikaenda dukani nikachukua nyuzi zilezile ambazo kila mcharazaji wa gitaa zito ninayemfahamu anazo: chuma cha pua, zinang'aa, mlio kama kengele. Baada ya miezi minane umeme ulikatika nikiwa katikati ya mazoezi. Nikawasha tochi ya simu, mwanga ukalala ubavuni mwa shingo, na hapo ndipo nilipoona. Chini ya uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, kuanzia mahali pa freti ya 5 hadi ya 9, mbao ilikuwa na vistari vidogo vilivyopangana kama meno ya msumeno, kila kistari kikiwa ni alama ya mzingo mmoja wa waya. Noti za sehemu ile zilikuwa zikikoroma kwa wiki kadhaa, na muda wote huo nilikuwa naisingizia spika.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi dukani.

Kwanza, elewa uzi unagusa nini

Kwenye besi yenye freti, uzi hukutana na chuma. Chuma kwa chuma, noti inatoka safi na kali hata kidole kikiwa kizembe. Ukiondoa freti, uzi unabanwa kati ya nyama ya kidole na mbao. Nyama humeza sauti kali, na uzi unapotetemeka huwa unaugusagusa ubao mbele kidogo ya kidole. Mguso huo ndio unaozaa ile sauti ambayo wapiga besi wote huiigiza kwa mdomo: "mwaaa", kama mtu aliyeanza kusema neno akaamua kulivuta.

Maana yake ni kwamba uzi wa besi hii una kazi mbili. Unatoa sauti, na papo hapo unasugua mbao. Uzi mzuri kwa kazi ya kwanza unaweza kuwa muuaji katika kazi ya pili, na uchaguzi wote unazunguka hapo.

Kwa mtu aliyelelewa karibu na taarab, chombo kisicho na freti si kioja. Udi hauna freti, fidla haina, wala lile besi kubwa la kusimama linalodundwa nyuma ya okestra za Unguja kama Ikhwani Safaa. Ndiyo maana zile sauti za robo, kama noti ya pili ya Bayati, mojawapo ya maqamu (mipangilio ya noti) za Kiarabu, zinapatikana kwenye vyombo hivyo bila shida. Besi ya umeme ilichelewa tu kuifuata njia hiyo: Ampeg walitoa ya kwanza ya kiwandani mwaka 1966, Fender wakafuata mwaka 1970. Kabla ya hapo, na hata baada yake, watu waling'oa freti wenyewe kwa koleo. Besi nyingi za namna hii ninazokutana nazo ni za mkono wa namna hiyo, na ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hujui aliyezing'oa alijaza nini kwenye mianya iliyobaki.

Hatua ya 1: Mulika ubao

Zima taa. Chukua tochi, ilaze karibu na shingo ili mwanga upite juu ya ubao kwa ubavu, si kutoka juu. Legeza uzi mmoja mmoja, usogeze pembeni uangalie chini yake. Unatafuta mambo matatu: mbao ni ipi, imepakwa nini, na imekwishalika kiasi gani.

Rozwudi ni ya kahawia, ina vinyweleo vinavyoonekana kwa jicho, na kwa kazi hii ni laini. Eboni ni nyeusi, nzito, vinyweleo vyake karibu huvioni, inavumilia zaidi. Mepo, ile mbao ya manjano-nyeupe, kwa kawaida huja imepakwa vanishi, na vanishi nyembamba ikikwanguka hubaki doa chafu lisilotoka. Halafu kuna ubao wa kutengenezwa, wa resini na nyuzinyuzi zilizoshindiliwa, ambao haujali sana umeuwekea nini.

Hapa niingize neno kuhusu mpingo, kwa kuwa mafundi wetu hupenda kuuita eboni na wageni nao hurudia. Mpingo wa Lindi na Kilwa ni ndugu wa rozwudi kwa ukoo. Eboni ni ukoo mwingine kabisa. Ila kwa ugumu mpingo unaishinda rozwudi mbali, na si ajabu klarineti na obo za Ulaya zinachongwa kwa mti huo. Ukibahatika kupata fundi wa kukubandikia ubao wa mpingo uliokauka vizuri, nusu ya maonyo ya makala hii yatakuhusu kidogo tu.

Kuhusu kilichopakwa: ubao mtupu huhisi kama mbao ukiusugua kwa ukucha, una ukavu. Uliopakwa epoksi, ile resini inayoganda ikawa ngumu, huhisi kama kioo. Tofauti hii ina uzito kuliko jina la mbao. Jaco Pastorius, Mmarekani aliyeifanya besi isiyo na freti ijulikane dunia nzima kwa albamu yake ya 1976, alicharaza Fender Jazz ya 1962 kwa nyuzi za Rotosound Swing Bass 66, ambazo ni za chuma cha pua na ni kali kama tupa. Vijana hukariri jina la nyuzi hizo na kukimbilia dukani. Wanachosahau ni kwamba ubao wake ulikuwa umefunikwa kwa epoksi ya kupaka boti. Nyuzi zilikuwa zikisugua epoksi, mbao ikiwa salama chini yake. Mimi nilichukua nusu ya kwanza ya habari hiyo, ya pili nikaiacha, na tochi ikanionyesha matokeo.

Ukikuta mifereji tayari, usinunue nyuzi bado. Mpelekee fundi asawazishe ubao kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Nyuzi mpya juu ya ubao wenye mabonde zitakoroma tu, ziwe za bei gani.

Hatua ya 2: Itaje sauti unayoitaka

Usiseme "nataka sauti nzuri". Sema nani anapiga vipi. Je, unataka besi inayoimba kama mtu, inayoteleza kutoka noti moja kwenda nyingine na kung'ang'ania masikioni? Msikilize Bakithi Kumalo wa Soweto kwenye albamu ya Paul Simon ya mwaka 1986, Graceland: kila mtelezo wake una meno. Au unataka ule mdundo mfupi na mzito wa besi la kusimama, unaosukuma wimbo kisha ukajitoa? Au unataka kitu cha katikati, cha kukaa kanisani asubuhi na bendini usiku?

Majibu hayo matatu yanakupeleka kwenye pakiti tatu tofauti.

Hatua ya 3: Chagua mzingo wa waya

Uzi wa besi una kiini cha chuma katikati, na juu yake umezungushiwa waya mwingine. Umbo la huo waya wa juu ndilo linaloamua mambo mengi. Maneno kwenye pakiti ni ya Kiingereza, kwa hiyo nayataja kama yalivyoandikwa.

*Roundwound*, ambazo nitaziita raundi, zimezungushiwa waya wa mviringo. Ukipitisha ukucha juu yake unasikia "krrr". Zina mlio mkali, noti inakaa muda mrefu, na "mwaaa" yake ndiyo ile ya kuimba. Gharama yake ni ile niliyokwisha kuieleza, pamoja na mkwaruzo unaosikika kila unapoteleza. Na kwenye besi hii unateleza sana. Kwa ubao wa epoksi au wa resini, chukua bila wasiwasi. Kwa eboni au mpingo, chukua ukijua kuwa siku moja utamrudia fundi. Kwa rozwudi tupu, sikushauri, isipokuwa umejifunza kuutetemesha mkono vizuri, jambo ambalo nalirudia hapo chini.

*Flatwound*, yaani bapa, zimezungushiwa utepe wa chuma. Ukipitisha ukucha, kimya. Hazichimbi mbao kwa namna ya kukusumbua, haziungurumi ukiteleza, na zinadumu miaka. Kuna wapigaji wasiozibadili mpaka zikatike. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown huko Marekani, ingawa besi yake ilikuwa na freti, alijulikana kwa kuziacha nyuzi zake bapa za La Bella humo humo mwaka baada ya mwaka. Watu wengi hudhani bapa haziimbi. Si kweli. "Mwaaa" ipo, ila inatoka kifuani zaidi kuliko puani. Zikiwa mpya zina ukali kidogo wa kuudhi. Zipe wiki tatu nne.

Ndani ya bapa zenyewe kuna tofauti kubwa. D'Addario Chromes zina mwanga zaidi kuliko bapa nyingi, na zinavutika kwa nguvu, kidole kinahisi kama kinasukuma kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa. Thomastik-Infeld Jazz Flats, za Vienna, ni kinyume chake: laini, zinapinda chini ya kidole, na sauti yake ya kati inajaa. Kwa besi isiyo na freti nimezipenda kuliko zote nilizowahi kushika, ila bei yake inaumiza. Mtu aliyezoea kudunda kwa nguvu atazichukia, kwa sababu ukizipiga kwa hasira zinayumba na kugonga ubao.

*Halfround* au *groundwound* ni raundi iliyosagwa juu ikawa nusu bapa. Katika maduka yetu ni nadra, lakini ukiziona, kama D'Addario Half Rounds, zinamfaa mtu asiyeweza kuamua. Mlio uko katikati, msuguano uko katikati. Wapo wanaosema kitu cha katikati hakina ladha. Mimi nilipiga nazo miaka miwili baada ya ubao wangu kusawazishwa na sikujuta.

*Tapewound*, za tepu, zina nailoni juu, mara nyingi nyeusi. Ndizo rafiki wa mbao kuliko zote, na ndizo zinazokaribia zaidi besi la kusimama: "bum", halafu inazama polepole. Kwa taarab na kwa nyimbo za polepole ni tamu mno. Usiogope kwamba pikapu ya sumaku, kile kifaa kinachonasa mlio wa nyuzi, haitazisikia. Ndani yake kuna kiini cha chuma, kwa hiyo zinasikika. Ambazo hazitasikika ni zile za nailoni tupu au za utumbo, ambazo zinahitaji pikapu ya kuhisi mtetemo, ya pieso. Kabla ya kununua tepu, soma namba za unene (nazieleza Hatua ya 5), maana baadhi ni nene kupita kiasi. Rotosound Tru Bass 88, kwa mfano, uzi wake wa G ni 65 na wa E ni 115. Ule 65 hauingii kwenye mfereji wa kushikia uzi, kule karibu na kichwa, uliochongewa 45. Utalazimika kuchonga, na ukisha kuchonga, kurudi nyuma ni kazi.

Ukiniuliza bila kuniambia lolote kuhusu ubao wako, nitakujibu bapa. Ukiniambia ni rozwudi tupu, nitakujibu bapa kwa sauti kubwa zaidi.

Hatua ya 4: Chuma cha namna gani

Hapa twende haraka. Kwa upande wa raundi, chuma cha pua ndicho kigumu na ndicho kinachokwangua kuliko vyote, ingawa hakishiki kutu upesi, jambo ambalo kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja si dogo. Chuma kilichopakwa nikeli ni laini zaidi na mlio wake una joto. Nikeli tupu ni laini kuliko zote mbili, na mlio wake ni wa kizamani. Kwa hiyo kama lazima uweke raundi kwenye mbao tupu, weka za nikeli. Nyuzi zilizofunikwa ngozi nyembamba ya plastiki, kama Elixir, hudumu dhidi ya jasho, lakini ngozi hiyo huanza kuchanika pale unapoteleza zaidi, ikaning'inia vinyuzi vinyuzi vinavyonasa kwenye vidole.

Hatua ya 5: Unene na mvuto

Namba kwenye pakiti ni elfu za inchi. Seti ya 45-65-85-105 ina uzi wa G wenye inchi 0.045, yaani milimita 1.14, na uzi wa E wenye inchi 0.105, karibu milimita 2.7. Seti kama hiyo, ikitunwa E-A-D-G, huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 80. Shingo imezoea mzigo huo. Ukiubadilisha, shingo inapinda au inanyooka, na kwenye besi isiyo na freti badiliko la nusu milimita linatosha kuua "mwaaa" au kuigeuza mkoromo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kutohama mbali. Ukitoka raundi 45-105 kwenda bapa, kaa kwenye 45-105 au shuka mpaka 45-100, kwa sababu katika bapa hakuna nafasi tupu kati ya mizingo. Chuma ni kingi zaidi kwa unene uleule na mara nyingi mvuto huongezeka. Thomastik nilizozitaja ni 43-56-70-100, ndiyo maana ni laini vile. Mwenye besi ya nyuzi tano aangalie B, ule uzi mnene wa ziada, isiwe chini ya 125. Nyembamba zaidi ya hapo hulegea, na bila freti ya kuishikilia utapata mngurumo usio na jina la noti.

Je, uzi mnene unatoa sauti kubwa zaidi? Kidogo. Je, mwembamba unaimba zaidi? Kwa kawaida ndiyo, kwa kuwa unatetemeka kwa upana na kuugusa ubao kirahisi. Ila mwembamba pia unasamehe kidogo: ukiukandamiza kwa nguvu, noti inapanda, na masikio ya watu yanajua.

Hatua ya 6: Pima urefu

Besi nyingi zina urefu wa inchi 34 kutoka daraja, kile kipande cha kiwiliwili kinachobeba nyuzi, hadi kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho karibu na kichwa, ambacho nitakiita kizingiti. Pakiti yake imeandikwa *Long Scale*. Fupi za inchi 30 ni *Short Scale*. Usidhani utakata tu. Mwishoni mwa uzi wa bapa au tepu kuna sehemu iliyovishwa hariri, na hariri hiyo inapaswa kuanza baada ya kizingiti, upande wa funguo za kukazia nyuzi. Ikiangukia juu ya ubao, hiyo sehemu ya uzi ni bubu.

Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka pale kijipete cha uzi kinapokaa kwenye daraja hadi kizingiti, kisha soma nyuma ya pakiti urefu wa sehemu ya chuma. Kama besi yako hupitisha nyuzi mgongoni mwa kiwiliwili, ongeza urefu wa njia hiyo. Na kama inakuruhusu kuchagua, bapa zifunge kwa juu, kwenye daraja. Kona kali ya mgongoni huvunja utepe wa chuma.

Hatua ya 7: Dukani

Maduka mengi ya vyombo vya muziki niliyopita yana raundi za nyuzi nne na basi. Bapa huagizwa, au huletwa na ndugu anayerudi safari. Mwandikie jina kamili na namba zote nne, usimwambie "nyuzi za besi" tu, atakuletea raundi na utamshukuru kwa uso mkavu. Za bandia zipo. Kama pakiti ya D'Addario ina msimbo wa kuhakiki kwenye tovuti yao, uutumie. Kwa nyingine, angalia hariri: ikiwa imekatwa ovyo na rangi inatoka ukisugua kwa mate, rudisha.

Bapa zinaweza kuwa ghali mara mbili au tatu ya raundi. Kabla hujashtuka, gawa bei hiyo kwa muda zitakaokaa. Raundi zangu zilikuwa zinakufa kila baada ya miezi mitatu minne kwa jasho na hewa ya bahari. Seti yangu ya bapa sasa ina miaka mitano.

Hatua ya 8: Kufunga

Badilisha uzi mmoja mmoja ili shingo isiachwe bila mzigo. Toa wa E, weka mpya wa E, tuni, ndipo uende wa A. Nafasi pekee ya kuzitoa zote ni pale unapotaka kusafisha ubao wote, na hata hapo usiiache usiku kucha.

Sehemu inayoharibu nyuzi nyingi ni kukata. Pitisha uzi hadi kwenye ufunguo wake, uvute unyooke, kisha pima kwa jicho sentimita 10 hadi 12 kupita ule ufunguo. Kabla ya mkasi kugusa kitu, upinde uzi pale kona ya mraba (digrii 90), kwa koleo, mpaka ikae yenyewe. Kisha kata mbele ya ile kona, yaani kona ibaki upande wako. Ukikata kabla ya kupinda, waya wa juu unaweza kufunguka kwenye kiini, na uzi mpya ukasikika mfu tangu siku ya kwanza huku ukilaumu kiwanda. Ncha iingie kwenye tundu katikati ya ufunguo, zungusha ukielekea chini, mizunguko miwili au mitatu inatosha. Hakikisha uzi haujajipinda kwa mzunguko wake wenyewe. Ushike karibu na kijipete, uache ujinyooshe.

Halafu bonyeza uzi kwa kidole gumba pale unapotoka kwenye kizingiti na pale unapopanda daraja, ukae vizuri. Kitendo cha sekunde mbili, na tofauti unaisikia papo hapo.

Hatua ya 9: Rekebisha shingo

Nyuzi mpya bila marekebisho ni kazi nusu. Bana uzi wa E mahali pa freti ya kwanza kwa mkono mmoja, kwa mwingine bana mwisho wa shingo, angalia nafasi iliyopo kati ya uzi na ubao karibu na mahali pa freti ya 7. Kwenye besi ya kawaida tungeacha milimita 0.3 au zaidi kidogo. Hapa lenga 0.1 hadi 0.2, unene wa karatasi mbili tatu za daftari. Nafasi ikiwa kubwa, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo robo mzunguko, subiri, pima tena. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, legeza. Robo kwa robo, na ikigoma usilazimishe.

Kimo cha nyuzi mahali pa freti ya 12 kiwe milimita 1.5 kwa G na 2 hivi kwa E, halafu sikiliza. Ukitaka kuimba zaidi, shusha kidogo. Mpiga mkono mzito apandishe. Pale kwenye kizingiti uzi unaweza kukaa chini sana kuliko kwenye besi yenye freti, karibu unagusa. Kadi ya biashara ipite chini yake kwa shida kidogo.

Mwisho, tuni ya daraja. Wengi huiruka wakisema "hakuna freti, kidole kitatafuta chenyewe". Kitatafuta, lakini kitachoka. Gusa uzi kidogo tu mahali pa 12 upate ile sauti ya filimbi, kisha ubane palepale kwenye mstari au nukta ya pembeni. Noti iliyobanwa ikiwa juu, sogeza kipande cha daraja nyuma, mbali na kizingiti. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kumbuka kwamba kidole kinabana juu ya mstari wenyewe. Kule nyuma yake, ulikozoea kwenye freti, noti itakuwa chini.

Hatua ya 10: Mkono wako

Kinachochimba ubao hasa ni uzi unaoburutwa kwenda kando, kama mpiga solo anayevuta noti ipande. Kubanwa kwenda chini madhara yake ni madogo. Kwenye besi hii, ukitaka noti itetemeke, biringisha ncha ya kidole kwa kufuata urefu wa uzi, mbele na nyuma, kama mpiga fidla. Mtetemo unatoka mzuri zaidi na ubao unapona. Aliyeizoea njia hii anaweza kukaa na raundi kwenye eboni kwa miaka. Asiyeizoea atamaliza rozwudi kwa msimu mmoja wa harusi.

Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake. Raundi za chuma zilizofifia unaweza kuzichemsha dakika kumi, uzikaushe kabisa, zikapata uhai wa wiki chache. Bapa na tepu usithubutu kuzichemsha: maji yataingia kwenye hariri na chini ya utepe, na hayatatoka. Ukizifuta kwa spiriti, iguse uzi tu, isimwagikie ubao wala rangi ya gitaa.

Seti uliyoitoa, kama haijakatika, izungushe, irudishe kwenye bahasha zake na uandike tarehe. Ya kwangu ya nusu-raundi imo kwenye mfuko wa gitaa hadi leo. Mwaka jana uzi wa D ulikatika katikati ya harusi, ule wa akiba ukaingia, na bwana harusi hakujua lolote.